Mtoto Amerudi Kutoka Dodoma: Nani Apite Mlangoni?

Hoja iliyo mezani ni hii: mtoto wa miaka 6 aliyepandikizwa uloto kwa ajili ya sikoseli akisharejea nyumbani Mwanza, mlango ufungwe kwa ndugu na majirani mpaka madaktari waseme basi, au uachwe wazi kwa kiasi ili akue na watu wake? Wanaozungumza ni mama, baba, bibi mzaa baba, muuguzi, mwalimu wa darasa la kwanza, na dada wa mtoto, mwenye miaka 12, aliyemtolea mdogo wake uloto. Sauti zao nimezitunga. Si za familia moja wala za hospitali moja. Ila ugomvi wenyewe ni wa kweli, na mimi nina upande, kwa hiyo msomaji asishangae nikiwakatiza.

Kwanza tukumbushane kwa nini jambo hili ni la Mwanza kabla ya kuwa la Dodoma. Inakadiriwa kwamba kila mwaka Tanzania huzaliwa watoto kati ya 11,000 na 14,000 wenye sikoseli, na Kanda ya Ziwa imebeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2018 ulipima matone ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya kaskazini magharibi: karibu mtoto 1 kati ya 5 alibeba kinasaba kimoja cha sikoseli, na zaidi ya 1 kati ya 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Malaria ndiyo iliyotufikisha hapa. Anayebeba kinasaba kimoja hukingwa kiasi dhidi ya malaria kali, kwa hiyo kwenye nchi ya mbu, vizazi kwa vizazi, wenye kinasaba hicho walibaki hai kwa wingi na wakazaa. Wawili wao wakioana, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa.

Upandikizaji nao si habari ya kupelekwa India peke yake siku hizi. Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018. Na mwaka 2023 Watanzania wakasikia kwamba hospitali hiyo ya Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli. Habari za namna hii huishia pale mtoto anaporuhusiwa. Kinachoendelea baada ya basi kushusha abiria stendi ya Nyegezi, kilomita zipatazo 700 kutoka Dodoma, huachiwa familia. Tuwasikilize.

MAMA: Mimi nasema ufungwe, na sioni haya kusema. Nimekaa Dodoma zaidi ya miezi mitatu. Nimemwona mwanangu kinywa kimejaa vidonda, hawezi hata kumeza mate, nywele zote zimebaki kwenye mto. Nimeambiwa mbele ya mume wangu: joto likifika 38 hakuna kusubiri kupambazuke, hakuna kumpa panadol kwanza tuone, ni hospitali. Sasa anakuja mtu ametoka msibani Igoma, amebanana na watu kwenye daladala, ana mafua, anataka kumpakata. Nikikataa nina kiburi. Nikikubali, nitakayelala naye wodini ni mimi.

BIBI: Mkwe wangu, hakuna aliyekuita mwenye kiburi. Nimesema nimechoka kukaa uani. Nimevuka daraja la Busisi na kuku wangu wawili na michembe, nimefika hapa nasimamishwa kama mdai. Kule Sengerema wananiuliza kama mtoto yuko hai kweli au tunawaficha. Wale walichanga. Yuko aliyeuza mbuzi. Aliyetoa mbuzi wake kwa uhai wa mtoto, leo aambiwe nini?

Hapa nasimama kidogo. Katika hoja zote za kufungua mlango, hii ndiyo ninayoiona nzito. Matibabu makubwa nchini kwetu yanasimama kwa miguu miwili: fedha za serikali au bima, na mchango wa ukoo unaolipa nauli, chakula na chumba cha kupanga karibu na hospitali. Mchango haujawahi kuwa fedha tupu. Anayechanga anakuwa mtu wa nyumba ile, na mtu wa nyumba hazuiwi mlangoni. Ukimpa sababu za kitabibu bila kumpa nafasi nyingine ya kuwa mtu wa nyumba, umemwonea.

NESI: Bibi, naomba nikueleze alivyo huyu mtoto. Kabla ya kupandikizwa alipewa dawa kali zilizoua uloto wake wa zamani. Kinga yake yote ilikwenda na uloto ule, hata ile ya chanjo alizochomwa kliniki alipokuwa mgongoni. Ana miaka 6 kwa kimo, kwa kinga ana miezi. Chanjo ataanza upya, nyingi kati ya miezi 6 na mwaka tangu kupandikizwa, na ya surua itasubiri kama miaka miwili, na mpaka dawa za kushusha kinga ziwe zimekwisha. Dawa hizo ndizo anazomeza sasa, asubuhi na jioni. Zinazuia chembe za dada yake zisiuone mwili huu kuwa mgeni na kuushambulia, ngozi, ini na utumbo. Zikizuia hilo, zinazuia pia mapambano na mafua yako, bibi. Kwako ni mafua. Kwake yanaweza kuwa nimonia.

BIBI: Na kuku?

NESI: Kuku wabaki nje, wachinjwe, wapikwe mpaka waive kabisa, ale. Michembe ichemshwe, ale. Maziwa yachemshwe, mtindi wa kibuyu, hapana. Maji ya kunywa yachemshwe hata kama yametoka bombani. Kachumbari, hapana. Embe na ndizi, sawa, zioshwe na zimenywe hapa hapa na mtu aliyenawa. Na miti shamba, bibi, hata ile unayoiamini: naomba isipite mlangoni. Nyingine hupandisha au hushusha kiwango cha dawa kwenye damu, nyingine hulichosha ini, na daktari atakuwa anatafuta chanzo asichoambiwa.

Nesi amesema kweli, na ukimsikiliza unaona ni mambo ya kufanyika. Ugumu unaanza unapouliza yafanyike wapi. Maelekezo yote haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba yenye chumba cha mtoto, choo cha ndani na jiko lenye mlango. Familia tunayoizungumza inapanga vyumba viwili Mabatini, chini ya majabali, kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana. Kaya sita, choo kimoja, bomba moja uani. Ukitoka chumbani uko ukumbini kwa wote. Mtoto wa mpangaji wa tatu ameanza shule na kila juma analeta kikohozi kipya. Mama akiamka saa 11 alfajiri kuchemsha maji, anayachemsha kwenye jiko la mkaa nje, anayamimina kwenye ndoo yenye kifuniko, kisha anaisukuma chini ya kitanda kwa sababu mahali pengine hakuna. Choo anakisugua kwa dawa kabla mtoto hajaingia, kila mara, na kila mara anatangulia mbio kabla jirani hajamwahi. Amekubaliana na mtoto atumie ndoo usiku. Mchana mtoto anaona aibu ya ndoo, anataka kwenda chooni kama wenzake.

Mlango gani wa kufungwa hapo?

BIBI: Ndiyo maana nikasema aje kwangu. Mnanikatiza kila nikitaka kusema. Mimi nina nyumba yangu karibu na mji wa Sengerema, nina choo changu, nina chumba alichokuwa analala baba yake. Wapangaji sina. Hapa mnapigana na kaya sita kwa choo, halafu mnaniambia mimi ndiye hatari.

MAMA: Kwako kuna ng'ombe, mama. Kuna mbu. Na akishikwa na homa usiku?

BABA: Zamani ningesema hapana, mke wangu. Ukifika kivukoni saa tano usiku na mtoto ana homa, unahesabu magari yaliyokutangulia. Sasa daraja lipo, limefunguliwa Juni 2025, kilomita tatu unazivuka kabla hujamaliza kupiga simu. Kutoka kwa mama mpaka Bugando ni kama saa moja. Kuna siku foleni ya hapa mjini hunichukua muda huo huo.

NESI: Siwezi kusema ndiyo kwa niaba ya daktari. Nasema tu kwamba wazo la bibi lina masharti, na masharti yake yanatimizika kuliko ya hapa. Zizi liwe mbali na nyumba. Magunia ya mahindi yatolewe kwenye chumba cha mtoto, ukungu wa nafaka ni adui mkubwa wa mapafu yake. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kikavu. Chandarua kila usiku, maana uloto mpya haumkingi kikamilifu na malaria. Gari au mtu mwenye gari ajulikane kwa jina na namba, na mafuta yawemo. Na wiki hii aende mtu kutazama, asiende mtoto kwanza.

Mimi hapa naungana na bibi, na nasema wazi. Tumezoea kumweka bibi wa kijijini upande wa ujinga na hospitali upande wa elimu. Katika shauri hili bibi ndiye peke yake aliyeliona tatizo la choo na akaleta choo. Kazi ya madaktari ni kumjua mapema, mtoto akiwa bado kitandani Dodoma, kumkalisha na kumfundisha kama wanavyomfundisha mama, ili nyumba yake iwe tayari kabla ya siku ya kuruhusiwa.

BABA: Na mimi nisikilizwe. Ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Nilikuwa na mtaji wa kununua magunia nikawauzia wanunuzi wa Kongo. Mtaji umeondoka gunia kwa gunia: nauli ya Dodoma, chumba cha Dodoma, chakula cha watu watatu kule na wawili huku. Sasa nalala visiwani Ukerewe kutafuta dagaa wa mkopo. Nikirudi naoga uani kabla ya kuingia, nabadili nguo, navaa barakoa, na mwanangu ananitazama kama hanijui. Ninachosema ni hiki: mlango ukifungwa kabisa, mke wangu amefungwa nao. Hauzi, hatoki, halali. Alikuwa na genge lake la nyanya, genge limekufa. Nani atampokea usiku mmoja tu apate usingizi?

MAMA: Nimpe nani? Dawa ni saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Akitapika baada ya kumeza, unatakiwa ujue umpe tena au usimpe. Ukikosea ni juu yako.

NESI: Hilo linafundishika, mama. Wewe ulifundishwa.

DADA: Naomba kusema.

BIBI: Sema, mjukuu wangu.

DADA: Watu wote wakija wanauliza mdogo wangu anaendeleaje. Mimi nilichomwa sindano nyingi nyongani, nikaamka nikawa siwezi kulala chali. Walisema siku mbili tatu, na kweli maumivu yakaisha. Nilirudi nikakaa kwa shangazi Buhongwa mpaka mama aliporudi. Shuleni mitihani ilikuwa imenipita. Silalamiki. Ila mdogo wangu akipata vipele, mama ananiangalia. Nikisikia wanasema damu inashambulia mwili, najua damu yenyewe ni yangu. Hakuna mtu aliyenieleza kama mimi ndiye ninayemuumiza.

MAMA: Mwanangu, mimi nilikuwa sijui kama nakuangalia.

NESI: Hapana, humuumizi. Nisikilize vizuri. Uloto ukikubali au ukikataa, ukishambulia au ukitulia, aliyeutoa hahusiki na lolote. Wewe ulilinganishwa naye kwenye vipimo, na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana. Ulilingana. Kazi yako iliisha siku ile, uliifanya yote.

Katika mjadala huu mzima sauti hii ndiyo inayoniuma. Mtoto wa miaka 12 hawezi kukataa. Mbele yake kuna mama analia, baba anauza mtaji, ukoo unachanga, na yeye ndiye mwenye dawa mwilini. Hata akiulizwa na akakubali, na haki ni aulizwe, akiwa faragha, na mtu asiye mzazi wake, bado amekubali akiwa hana njia nyingine. Sisemi asitoe. Ningekuwa mzazi ningemwomba. Nasema deni lake halijalipwa. Familia nyingi humsifu siku ya kwanza, halafu anageuzwa msaidizi wa nyumba: achote maji, asilete marafiki, asicheze karibu, asipige kelele. Apewe mtu wake. Shangazi wa Buhongwa, aliyekwisha kumlea miezi ile, aendelee kuwa wake hata baada ya mama kurudi: amsimamie shule, ampeleke Jumapili mahali anapotaka, amwulize yeye anaendeleaje.

BIBI: Nesi, nina swali jingine, na msinikasirikie kwa kuuliza mbele ya watoto. Huyu atazaa?

(Kimya kidogo. Dada anaombwa akamtazame mdogo wake.)

NESI: Bibi, wazazi waliambiwa kabla ya kutia sahihi. Dawa zile kali zinaweza kuharibu uwezo wa kuzaa. Si kila mtoto, na kwa umri wake hatuwezi kupima leo. Ataangaliwa atakapobalehe.

BABA: Tuliambiwa. Nilikaa nje ya chumba kile muda mrefu. Kisha nikakumbuka usiku aliolia kwa mifupa mpaka sauti ikakauka. Nikasema awe hai kwanza.

NESI: Na lingine, ambalo ndugu wengi hawalijui. Damu yake sasa inatengenezwa na uloto wa dada yake. Hata kundi la damu litafuata la dada. Lakini mbegu zake za uzazi ni zile zile alizozaliwa nazo. Akijaliwa kuzaa, kila mtoto wake atapokea kinasaba kimoja cha sikoseli kutoka kwake. Akifika umri wa kuoa, mchumba apimwe. Hilo lisije likasahaulika kwa sababu ya furaha ya kupona.

BIBI: Basi hilo nitalibeba mimi. Na baba zake wadogo nitawaambia na wao wapimwe.

Mnaona? Mwanamke aliyesimamishwa uani ndiye atakayefikisha elimu ya vinasaba Sengerema.

MWALIMU: Mimi sina mengi. Darasa langu limejaa, dawati moja wanakaa wengi, na msimu wa surua na tetekuwanga nausikia mimi kabla ya zahanati. Asije darasani mpaka aruhusiwe. Lakini jina lake liko kwenye daftari la mahudhurio na naliita kila asubuhi ili wenzake wasimsahau. Nitapeleka kazi kila Ijumaa. Na mtoto yeyote wa darasani akitoka upele, nitampigia mama siku ile ile, maana yupo jirani yao anayesoma kwangu.

NESI: Mwalimu, simu hiyo ina thamani kuliko barakoa 50. Akikaa karibu na mwenye tetekuwanga anatakiwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hana dalili.

BABA: Na ziwani je? Ananiuliza kila siku. Anawaona wenzake wanaoga.

NESI: Hapana. Kichocho kimejaa ufukweni huku, ni hatari hata kwa wazima. Akakae juu ya jabali aitazame mitumbwi jioni, watu wakiwa wachache. Upepo wa nje ni mzuri kwake kuliko chumba kilichofungwa madirisha.

Sasa niseme hukumu yangu. Kwa vijidudu, mama ameshinda. Mwaka wa kwanza mtoto huyu asipakatwe na wageni, asiende msibani, kanisani wala sokoni, na asiyekuwa na zamu asiingie chumbani, hata awe mkubwa wa ukoo. Lakini mlango huo usilindwe na mama. Mama mkwe akizuiwa na mkwewe, ni ugomvi wa miaka kumi. Akizuiwa na mtoto wake wa kumzaa, au na babu, au na barua ya hospitali iliyosomwa kwenye kikao cha ukoo kabla mtoto hajarudi, ni utaratibu. Baba ndiye asimame mlangoni. Akiwa Ukerewe, asimame mdogo wake.

Na walio nje wapewe kazi. Aliyeuza mbuzi alipie mkaa wa kuchemshia maji. Bibi atayarishe chumba cha Sengerema, kikaguliwe, na kikipita mtoto ahamie kwake. Watu wawili, si zaidi, wafundishwe dawa mpaka mama aweze kulala usiku mzima bila kushtuka. Mwalimu ameshajipa kazi yake. Shangazi anaye dada.

Kwa wenye mamlaka ninaomba mambo mawili. Kipimo na uangalizi wowote unaoweza kufanyika salama Bugando, hospitali iliyohudumia kanda hii tangu 1971, ufanyike Bugando, na safari ya Dodoma ibaki kwa kile kisichowezekana hapa. Na mpango wa kumpandikiza mtoto uhesabu nyumba atakayorudi: apelekwe mtu akakague choo, bomba na chumba kabla ya tarehe ya kuruhusiwa, na pango la chumba chenye choo chake kwa mwaka mmoja lihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kama zinavyohesabiwa dawa.

Kwako msomaji nina ombi moja. Kama katika ukoo wenu yupo mtoto wa namna hii, usifunge safari ya kwenda kumwona. Mpigie mama yake simu, umuulize ni zamu gani wiki hii haina mtu, uichukue.